Fundi Ngoja Kwanza na Lori la Rugaibula

Mwone huyo anayekuja. Ni asubuhi ya mwaka 1953, ukungu bado umelalia migomba ya Muleba, na barabara nyekundu inayotoka Bukoba imelowa mvua ya jana. Anakanyaga baiskeli taratibu, mgongo wima kama mtu aliyebeba kioo. Nyuma ya kiti amefunga sanduku la mbao lenye spana. Na mgongoni, ndugu msomaji, amejifunga ubao mrefu uliovishwa lubugo, ile nguo ya gome la mti waliyojifunika babu zetu. Watoto wa shule wanasimama kando ya barabara kumtazama, wakidhani kabeba ngao. Mama mmoja aliyekuwa akichuma kahawa anaacha kuchuma na kumwambia mwenzake kwamba hiyo lazima ni picha ya mtakatifu inapelekwa misheni ya Rubya.

Haikuwa ngao wala picha. Ndani ya lubugo kulikuwa na gasketi ya lori, ile karatasi ngumu ya shaba yenye matundu, inayolala kati ya injini na kifuniko chake cha juu. Mafundi hukiita kifuniko hicho hedi. Kazi ya gasketi ni ndogo kuieleza: moto ubaki upande wa moto, maji yabaki upande wa maji. Lakini ikipinda kidogo tu kabla ya kufungwa, imekwisha. Ndiyo maana mtu yule alitoka Bukoba mgongo wima, akalala kwa shemeji yake Kemondo, na huko nako, walisema, alilala kifudifudi akakataa kuivua.

Jina lake Aroni Kagaruki, mtoto wa Kibeta, kando ya mji wa Bukoba. Baba yake alikuwa mkulima na mwimbaji wa kwaya katika kanisa la Kilutheri, na mama yake, Kokubanza, alijulikana mtaa mzima kwa nyumba safi. Aroni aliingia kwenye gereji ya Bwana Rasiklal pale mjini akiwa mfagiaji, akawa mshika taa, akawa mfungua nati, mpaka akawa fundi. Ila hakuwahi kutumwa peke yake. Siku zile lori likifia Muleba lilivutwa kwa kamba hadi Bukoba, au lilisubiri Rasiklal aje mwenyewe. Safari hii Rasiklal alikuwa kitandani, kiuno kimemshika. Alimpa Aroni gasketi, akaongeza mkanda wa feni na mipira ya maji ambayo hakuna aliyeiomba. Aroni alipouliza ya nini, Rasiklal alimjibu kwamba injini iliyofunguliwa haijapata kumwonyesha ugonjwa mmoja tu.

Lori lenyewe lilikuwa la Mzee Rugaibula, mwenye kibanja kikubwa cha kahawa na ndizi, mtu mkarimu, mwenye sauti, na mwenye kujivuna kidogo, kama tulivyo wengi wetu tunaotoka upande ule. Alilinunua yeye na ndugu zake, likapakwa rangi ya kijani, na Jumamosi ya wiki ile lilikuwa na kazi kubwa kuliko kubeba kahawa. Kokwijuka, binti yake, alikuwa anaolewa katika kanisa la Bukoba mjini. Rugaibula alikwisha kuwaambia wajumbe wa bwana arusi, mbele ya watu na rubisi, pombe ya ndizi, mezani, kwamba binti yake atapanda lori la baba yake mlangoni pa baba yake, na atashuka mlangoni pa kanisa.

Hapo nikueleze jambo moja la ukoo huo, usije ukaona ni kiburi kitupu. Kwao bibi arusi akishatoka nyumbani hasimami njiani. Zamani walibebwa mabegani, na wabebaji walipokezana wakitembea, hakuna kutua. Kumsimamisha bibi arusi barabarani ilikuwa ni kama kuwaambia wapita njia waje wamchague. Lori lingeruhusiwa kuchukua nafasi ya mabega, alisema shangazi wa Kokwijuka, kwa sharti kwamba nalo halitui.

Na lori lile lilikuwa linatua. Kila mtu aliyejua barabara ile aliujua mwinuko wa kutoka Kemondo. Malori yalipanda yakilia, na pale juu yalisimama yote kunywa maji, vifuniko vya mbele wazi, mvuke ukitoka. Lori la Rugaibula halikufika hata hapo juu mara ya mwisho. Lilichemka katikati, likatoa moshi mweupe, likakata roho, likavutwa kwa kamba kurudi nyumbani.

Basi Aroni alifika, akasalimu kama inavyopasa, akapewa kahawa ya kutafuna, akaifungua nguo ya gome na kuilaza gasketi juu ya mkeka ndani ya nyumba. Kisha akaenda kwenye lori. Dereva, aliyeitwa Josia, mtu wa mzaha asiyechoka, alimsaidia kufungua. Walipochomoa kijiti cha kupimia oili waliona oili imeingiwa na maji, imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Walipoinua hedi, gasketi ya zamani ilikuwa imeungua upande mmoja, tundu la moto limekutana na tundu la maji.

Mzee Rugaibula alikuwa amewekewa kiti pale pale uwanjani. Aliona, akafurahi. Ugonjwa umeonekana, akasema, dawa iko ndani juu ya mkeka, toa hii, weka ile, funga, kesho tulioshe lori tulipambe.

Aroni alikuwa bado ameinama. Alikuwa anapitisha kidole kwenye matundu ya maji.

"Ngoja kwanza, waitu," akasema, akimwita mzee kwa neno la heshima la Kihaya.

Josia aliangua kicheko. Aliwaambia ndugu wa mzee na wajumbe wa bwana arusi waliokusanyika kwamba hapa hatukuletewa fundi, tumeletewa daktari wa hospitali ya Rubya. Mgonjwa kaja na jipu, yeye anataka kumpasua tumbo.

Watu wakacheka, na Rugaibula akacheka nao, lakini jicho lake halikucheka. Alimwuliza Aroni kama anajua Jumamosi kuna nini. Aroni akasema anajua. Alimwuliza kama anajua kwamba ndugu yake mwenye lori jingine alikwisha kujitolea kumbeba bibi arusi, na kwamba yeye Rugaibula alikwisha kukataa mbele ya watu. Aroni akasema hilo alikuwa halijui, lakini sasa amelijua. Rugaibula akamwambia basi afunge.

Mtu mwingine angefunga. Lori lilikuwa la mzee, harusi ya mzee, na yeye Aroni alikuwa mgeni, kijana wa gereji, aliyekuja kwa kazi moja aliyotajiwa. Tena angelifunga, lingewaka, lingenguruma vizuri uwanjani, wangemshangilia na kumpa mkungu wa ndizi aende nao kwao. Lingekufa mbele ya safari, si mbele yake.

Sasa tazama alivyofanya. Mlango wa nyumba kubwa ulikuwa wazi, na ndani mke wa Rugaibula, jina lake Kokuberwa, alikuwa akitoa nyasi za sakafuni. Unajua nyumba zetu za wakati ule: sakafu ilitandikwa nyasi, na kwa jambo kubwa kama harusi, zile za zamani hutolewa zikaletwa mbichi zinazonukia. Marobota ya nyasi mbichi yalikuwa yameegemezwa ukutani. Aroni akapiga hatua kuelekea mlangoni, akainama kwa adabu.

"Mama," akasema, "ukishatoa nyasi za zamani, unatandika hizi mpya papo hapo?"

Mama Kokuberwa alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anapika bila moto.

"Nitandike juu ya uchafu? Wewe mwanangu umezaliwa nyumba gani?"

Akamweleza, na uwanja mzima ukasikia, maana sauti ya mama yule haikuwa ndogo. Ukishaziinua nyasi, unafagia. Unatafuta mashimo ya panya, unayaziba. Unatazama miguu ya vitanda kama mchwa hawajaanza. Unamwaga majivu kwa ajili ya viroboto. Ndipo unatandika. Ukitandika kabla, utakuwa umewafunika panya wako vizuri, walale pazuri, na wageni wakija watang'atwa juu ya nyasi mpya.

"Ndivyo mama yangu alivyonifundisha Kibeta," Aroni akasema. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kwenye lori, asiseme neno jingine.

Mama akalitazama lori, akazitazama nyasi zake. Kisha Mama Kokuberwa akaweka chini fagio lake, akatoka hadi kizingitini, akamwambia mumewe kwa upole ule ambao wanaume waliooa wanaujua: "Baba Kokwijuka, mwache kijana afagie."

Rugaibula akasema afagie basi, lakini Jumamosi haitamngoja mtu.

Aroni akafagia. Alikwangua masizi meusi juu ya pistoni na ndani ya hedi, kwa kijiti cha mwanzi ili asichubue chuma. Alilaza rula ya chuma juu ya hedi, akaitazama kwa usawa wa jicho na mwanga wa jua ukiwa upande wa pili, kuona kama moto haujaipinda. Ilikuwa nzima. Alitoa valvu zote, akazisaga moja moja kwenye viti vyake kwa dawa ya kusagia, akizungusha kijiti kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto. Josia naye, mzaha ukiwa umempungua, alipewa ya kwake ya kusaga, akasaga huku analalamika kwamba yeye ni dereva, hakuajiriwa kutwanga.

Alipofika kwenye njia za maji ndipo alipokuta jambo. Aliingiza spoku ya baiskeli kwenye tundu moja, ikagoma. Akaijaribu kwenye la pili, ikaingia nusu. Akakwangua, kikatoka kitu cha kijivu, kizito, kinanata. Akakinusa. Akakitazama tena. Kisha akakata kipande cha jani la mgomba, akakiweka kile kitu juu yake, akakifunika na jani jingine, na badala ya kumwita Rugaibula pale uwanjani mbele ya ndugu zake na wajumbe wa bwana arusi, akamwomba wakaonane ndani.

Kokwijuka, bibi arusi, alikuwa ndani nyuma ya pazia lake, na ni yeye aliyehadithia haya miaka mingi baadaye, akiwa tayari bibi mwenye wajukuu. Alisema fundi alifunua jani kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi zawadi, akauliza kwa sauti ya chini: "Waitu, kuna aliyelilisha lori chakula?"

Mzee alitazama, akanusa, akakaa juu ya marobota ya nyasi. Maana alikijua kitu kile. Wakati wa kiangazi rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, ilikuwa imetoboka njiani, maji yakidondoka, na yeye Rugaibula, kwa akili yake mwenyewe, aliagiza unga wa ndizi zilizokaushwa, akaukoroga, akaumimina humo ndani. Tundu likaziba. Alijisifu kwa jambo hilo msimu mzima. Katika kila rubisi alisema Wazungu walitengeneza lori lakini ndizi ya Mhaya ndiyo iliyolitibu. Wengine walimwiga. Na kweli ndizi iliziba tundu, isipokuwa haikujua kuchagua. Iliziba na njia zote za maji, ikaiva humo kwa moto wa injini, ikaganda. Lori halikuwa linakunywa tena. Gasketi mpya juu ya uji ule ingeungua kabla ya kufika nusu ya mwinuko, na binti yake akiwa juu ya lori.

Kokwijuka alisema alisogea karibu zaidi na pazia. Alimjua baba yake. Alidhani atakasirika, atasema fundi ameuleta uji huo mwenyewe kutoka Bukoba. Badala yake alisikia baba yake akiita polepole.

"Kokuberwa, njoo uone mapishi yetu."

Mama akaja, akatazama, akashika mdomo. Halafu wakacheka, wote wawili, kicheko cha watu waliozeeka pamoja, mpaka mzee akajifuta machozi kwa kanzu. Aroni alibaki amesimama na jani lake, hajui kama naye ana ruhusa ya kucheka. Kisha mzee akainuka, akatoka naye uwanjani, akamwekea mkono begani mbele ya wote, akasema fundi amekuta jambo, na wanawake walioletwa kupika waache masufuria, wakateke maji.

Wakateka. Aroni aliitoa rejeta, akaigeuza kichwa chini, na debe baada ya debe likamiminwa kinyumenyume mpaka uji ukatoka na maji yakafuata meupe. Tundu la zamani likaonekana wazi, akaliziba kwa risasi ya kuyeyusha kama linavyostahili. Njia za ndani ya injini alizipitia zote kwa spoku na waya. Pampu ya maji ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Akaifungua, akaikaza, akaizungushia uzi uliolowa grisi ili isivuje. Mipira ya maji ilikuwa imelainika kama ndizi mbivu, na mkanda wa feni una nyufa. Hapo ndipo alipotoa vile vitu vya Rasiklal ambavyo hakuna aliyeviomba. Ile oili ya rangi ya chai aliimwaga, akausafisha mtungi wake chini ya injini, akatia mpya. Ndipo akaingia ndani, akaichukua gasketi kutoka kwenye mkeka, akailaza mahali pake. Nati za hedi alianza kuzikaza katikati, akitoka nje polepole, huku na huku, kidogo kidogo, kama mtu anayetandaza kitambaa asitake kiwe na kunyanzi.

Josia akawasha. Injini ikanguruma kwa sauti ambayo Josia mwenyewe alikiri hajaisikia tangu lori lilipokuwa jipya. Watu wakapiga makofi. Rugaibula akasema sasa maua.

"Ngoja kwanza," Aroni akasema.

Safari hii uwanja mzima ulilia kwa kicheko, na jina likamkaa palepale. Alitaka lori lipakiwe mikungu ya ndizi na wanaume wote wa ukoo, likapande vilima vya jirani mpaka injini ipate moto kabisa. Likapanda. Liliporudi alitaka lipoe. Na Jumamosi alfajiri, wakati maua yamefungwa, kina mama wamevaa, kwaya imepanda nyuma na bibi arusi yuko mlangoni na shela yake, Fundi Ngoja Kwanza alikuwa amefunua tena kifuniko cha mbele na spana mkononi. Shangazi alimwuliza kama anataka kuolewa yeye. Aroni alimjibu kwa heshima kwamba chuma kikipata moto kikapoa, nati hulegea kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachosubiri mwinuko. Alizikaza zote tena, kuanzia katikati. Kisha akafunga, akafuta mikono, akasema nendeni salama.

Rugaibula alimtaka apande mbele, karibu na dereva, mahali pa heshima. Aroni akaomba radhi. Alisema ana baiskeli, na tena ana jambo la kutazama. Kwa kweli alipofika barabarani lori lingine la kwenda Kemondo lilimpakia yeye na baiskeli yake, nyumbani wangali wakiimba nyimbo za kuaga, akaisukuma baiskeli kwa miguu hadi juu ya mwinuko ule, mahali malori yote yanaposimama kunywa. Akaazima debe, akalijaza maji, akaliweka kando ya miguu yake. Hakuwa na shaka, alisema baadaye, lakini fundi asiyekuwa na shaka hata kidogo, mwogope.

Akasubiri. Wauza ndizi wa pale juu walimwuliza anangoja nani, akasema anangoja lori. Wakamwambia akae tu, yote husimama hapa.

Kwanza alisikia kwaya. Baadaye akasikia injini chini ya kwaya, imebana gia, inavuta, sauti moja isiyokatika. Lori la kijani likachomoza kwenye kona likiwa na maua puani, hakuna mvuke, hakuna moshi. Josia alikuwa ameshika usukani kama mfalme. Mzee Rugaibula alikuwa wima nyuma na fimbo yake. Walipomwona Aroni kando ya barabara na debe lake, Josia akapunguza mwendo. Mzee akamtazama fundi. Lori lile lilikuwa na nafasi ya kusimama, na mzee alikuwa na neno la kumwambia, hilo lilionekana usoni pake. Lakini bibi arusi alikuwa ndani.

Aroni akainua mkono, akaupunga kuelekea mbele: pita, pita.

Josia akakanyaga. Kwaya ikapaza sauti, vigelegele vikamwagika barabarani, wauza ndizi wakabaki midomo wazi, na lori likaushuka upande wa pili kuelekea Bukoba bila kutua, likamwachia Aroni vumbi jekundu kuanzia kofia hadi viatu. Walioshuhudia walisema hawajapata kuona mtu aliyejaa vumbi akiwa amesimama wima namna ile. Alichukua debe, akanawa uso kwa maji ambayo hayakuhitajika, akamrudishia mwenyewe, akapanda baiskeli yake.

Rasiklal alisikia habari kabla Aroni hajafika gerejini. Hakumsifu, alimwambia tu sanduku lile la spana abaki nalo. Baada ya msimu wa kahawa Aroni alihamia Muleba, akajenga banda lake karibu na barabara, na tangu hapo hakuna lori la upande ule lililovutwa kwa kamba hadi Bukoba. Watu walimwita Ngoja Kwanza hadi uzeeni, naye aliitika. Mzee Rugaibula hakuwahi kumpa hotuba. Lakini katika kila rubisi, badala ya kusimulia ndizi ilivyolitibu lori, alisimulia ilivyoliua, na jinsi fundi alivyomwonyesha ndani ya jani, faragha, na watu walicheka mpaka wakalala chini.

Aroni mwenyewe alipoulizwa siku gani aliona fahari kuliko zote, hakutaja banda wala jina. Alitaja ile nukta pale juu ya mwinuko, lori lilipompita.

Nami nakuuliza wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: ungekuwa umesimama pale na debe lako, umeona mzee anataka kusimama akushukuru mbele ya watu wote, ungeupunga ule mkono?